Kati ya "ni" na "nina": kuishi na baipola na kubaki wewe

Kliniki ya afya ya akili ninayohudhuria ni ya siku ya Jumanne. Tunafika saa moja asubuhi, tunaweka kadi mezani kwa nesi kwa mpangilio wa kufika, kisha tunakaa kwenye mabenchi kusubiri. Humo kwenye kusubiri ndimo mazungumzo yenyewe yalimo. Asiyetufahamu angedhani tunaulizana habari za kupona, lakini ni mara chache. Swali linalorudi kila mwezi, hasa kwa vijana wapya, ni hili: mimi ni yupi? Ni yule aliyekesha wiki nzima bila kuchoka, akahubiri sokoni na kugawa mshahara? Ni yule aliyelala siku nyingi ameugeukia ukuta, hata kuoga hawezi? Au ni huyu anayemeza vidonge asubuhi na usiku, mpole, aliyenenepa kidogo, ambaye majirani wanamsifu kwamba "sasa umekuwa mtu"?

Mimi mwenyewe nimeishi na swali hilo miaka 11, tangu nilipoambiwa nina baipola nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Najua linavyochosha. Najua pia kwamba linachanganya mambo matatu au manne ambayo yakitenganishwa, kila moja lina jibu lake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu jina lake limeshachakaa kabla halijaeleweka. Siku hizi mtu akicheka asubuhi na kununa mchana anaitwa baipola. Kubadilika namna hiyo ni ubinadamu tu. Baipola, ambayo wengine huiita ugonjwa wa hisia mbili, huja kwa vipindi, na kipindi kimoja huhesabiwa kwa siku na wiki. Kipindi cha kupanda, ambacho madaktari hukiita mania, hudumu angalau siku 7, au huwa kikali kiasi cha kumfikisha mtu hospitali kabla ya hapo. Mtu analala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na kuamka mwepesi. Maneno yanakimbizana mdomoni. Mipango inazaa mipango, fedha zinatoka, hasira ziko karibu, na kwa baadhi yetu inafika mahali unaamini umepewa ujumbe maalumu kwa ajili ya taifa. Kuna kupanda kwa kadiri, haipomania, kunakodumu angalau siku 4 bila kuvunja maisha yako, na mara nyingi watu hukusifu tu kwamba umechangamka. Kushuka ni sonona: wiki 2 au zaidi za moyo mzito, mwili mzito, kutokuona ladha ya kitu chochote. Mwenye mania kamili huwekwa kwenye aina ya kwanza ya baipola. Anayepanda kwa kadiri na kushuka sana yuko kwenye aina ya pili. Katikati ya vipindi kuna miezi, hata miaka, ya utulivu.

Nataka msomaji aushike huo utulivu wa katikati. Mwaka 1899 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliutenganisha ugonjwa wa kupanda na kushuka na ule unaoitwa leo skizofrenia, na moja ya mambo aliyoyatazama ni mwendo wake: kipindi huja, hupita, na mgonjwa kwa kawaida hurejea katika hali yake. Jina limebadilika tangu wakati huo, na mipaka aliyoichora imejadiliwa sana, lakini jambo hilo la kurejea bado ndilo la kwanza ninalomwambia kijana mpya kwenye benchi. Kuna mtu wa kurejea. Kijana huyo hayuko peke yake pia. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu takriban milioni 40 duniani walikuwa na baipola, na wengi wao ugonjwa uliwaanza kati ya ujana na miaka ya ishirini, umri uleule mtu anapojitafuta: nisome nini, nioe nani, niamini nini. Haishangazi kwamba ugonjwa na nafsi huingiliana. Vimekua pamoja.

Sasa lugha. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka kadhaa, na ni darasani nilipopata fundo la kwanza kulegea. Tazama maneno tuliyo nayo kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili. Lipo "kichaa". Liweke karibu na ndugu zake: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Hiyo "ki" ya mwanzoni imechukua kasoro moja ikaitandaza juu ya mtu mzima, hadi huoni tena kama mtu huyo ni fundi cherehani, ni mama wa watoto wawili, anapenda taarabu. Ukisema "fulani ni kichaa" umemaliza, hakuna kilichobaki cha kusemwa. Lipo "mwendawazimu", na ukilitegea sikio utasikia mzimu ndani yake, kama kwamba mtu huyu ameshaondoka nasi na anatembea na wasioonekana.

Lakini lugha hiyohiyo ina njia nyingine, na tumeirithi bila kuitazama vizuri. Tunasema mtu "anaumwa". Hapo wapo wawili: kinachouma na anayeumwa. Pwani tunasema "amepandwa", yaani na pepo, na katika kauli hiyo ya kutendwa kuna aliyepanda na kuna aliyepandwa, na aliyepanda atashuka. Bibi zetu waliosema hivyo hawakuwa na darasa la saikolojia, lakini walikuwa na hakika moja ambayo "kichaa" haina: mtoto wao yumo bado.

Na ipo "nina". Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tukitaka kueleza kile tulicho nacho, Kiswahili hakitupi neno la kukikamata mkononi. Kinatuambia tuko pamoja nacho. Nina njaa, nina mgeni, nina mtoto, nina homa. Ukiichambua "nina" utakuta nafsi ya kwanza, halafu "na" ileile ya chai na mkate. Mimi, na. Kwa hiyo ninaposema "nina baipola" sijasema mimi ndiyo baipola, wala sijasema baipola haipo. Nimesema tuko wawili. Anayekaa nami simpendi kila siku, lakini najua anakula nini, anaamka saa ngapi, na nikimficha wageni atatokea tu sebuleni.

Kujikubali ninakokuzungumzia katika makala hii kuko hapo, kati ya "ni" na "nina". Watu wengi wakisikia "jikubali" wanaelewa mojawapo ya mambo mawili: ama kata tamaa, hivyo ndivyo ulivyo, ama jivunie, ugonjwa wako ni kipaji. Mimi nimepitia yote mawili. La kwanza lilinilaza kitandani, la pili lilinifanya nitupe dawa.

Niseme kuhusu hilo la dawa kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo swali la "mimi ni yupi" linapouma zaidi, na hapo ndipo linapoua.

Dawa kongwe ya baipola ni lithiamu. Haikutengenezwa na mtu. Ni madini, yaliyo safu moja na sodiamu ya chumvi ya mezani katika jedwali la elementi. Daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyeandika mwaka 1949 kwamba chumvi za lithiamu zilikuwa zimetuliza wagonjwa wa mania. Mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume wa miaka 51, alikuwa katika mania kwa takriban miaka mitano mfululizo. Alipoanza dawa mwaka 1948 alitulia, akatoka hospitali, akarudi kazini. Halafu, akijiona mzima, akaacha kuitumia vizuri, na ugonjwa ukarudi. Miaka miwili baada ya kuanza dawa alifariki, safari hii kwa sumu ya lithiamu iliyozidi mwilini. Kila ninaposoma habari zake naona benchi letu lote la Jumanne limo ndani ya mtu mmoja: dawa inayofanya kazi, mtu anayejiona hana haja nayo tena, na kipimo ambacho hakikuwa kikifuatiliwa kama kinavyofuatiliwa leo.

Kwa nini kipimo? Figo hushughulika na lithiamu karibu kama zinavyoshughulika na sodiamu. Ukipungukiwa maji au chumvi, kwa kuhara, kutapika, jua kali au kufunga, figo hushikilia sodiamu, na lithiamu hushikiliwa pamoja nayo hadi ikawa sumu. Tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo, ndiyo maana damu hupimwa, na figo na tezi ya shingo huangaliwa kila baada ya muda. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, hizi tunazonunua dukani kama pipi, nazo zaweza kuipandisha lithiamu mwilini. Mikono ikianza kutetemeka kwa nguvu, ukatapika, ukayumba kama mlevi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Katika vituo vingi vya kwetu lithiamu au kipimo chake hakipatikani kwa urahisi, hivyo wengi wetu tumeanzia kwenye kabamazepini au valproeti. Dada yangu unayesoma hapa, kama uko katika umri wa kuzaa, valproeti iulizie daktari wazi kabla hujashika mimba, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kwa yeyote: dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kusawazisha hisia, inaweza kumrusha mwenye baipola kwenye mania. Wapo wengi walioanza kutibiwa sonona tu, kwa sababu mtu huenda hospitali akiwa chini. Nani anakwenda hospitali akijisikia mfalme?

Sasa, huyo anayemeza dawa hizo anasema: "Tangu nianze vidonge sijisikii mimi." Nilisema hivyo. Daktari wangu wa kwanza alinijibu kwamba ni kawaida, nitazoea. Alikuwa na watu wengi mlangoni siku ile, lakini jibu hilo lilinigharimu mwaka mmoja, kwa sababu kauli hiyo moja hubeba mambo matatu tofauti yanayofanana kwa nje.

La kwanza ni madhara ya dawa. Usingizi wa mchana, mikono inayotetemeka, kiu, kichwa kama kimejazwa pamba. Hilo halihusu nafsi yako hata kidogo. Linahusu kiasi, saa ya kunywa, au aina ya dawa, na linarekebishika ukimwambia daktari ukamwambia tena. La pili ni sonona iliyobaki. Mania imeondoka, lakini umetua chini ya ulipotakiwa kutua. Unaamka alfajiri bila sababu, chakula hakina ladha, watoto wakicheka husikii kitu. Hilo nalo linatibika, kwa dawa na kwa mazungumzo na mwanasaikolojia au mshauri anayejua kazi yake. La tatu halina kidonge. Ni maombolezo. Umempoteza mtu, na mtu huyo ni wewe wa kule juu, aliyekuwa na kasi, aliyeingia ukumbini watu wakageuka. Mimi nilimlilia mwaka mzima. Hakuna aliyenipa pole, maana wote walifurahi ameondoka.

Namna niliyojifunza kutofautisha ni kujiuliza: ninachokikosa ni nini hasa? Kama nakosa kila kitu, hata harufu ya chai, huenda ni sonona. Kama nakosa nguvu na akili nyepesi, huenda ni kiasi cha dawa. Kama nakosa kasi tu, na nikikaa kimya naona kwamba napenda bado kusoma, napenda bado kupika, namcheka bado mdogo wangu kwa yaleyale, basi niko mzima na nina msiba. Msiba haumfanyi mtu aache dawa. Humfanya akae chini alie, kisha watu waje wamkalie.

Linakuja la deni. Katika mania yangu kubwa nilikopa mikopo minne ya simu na mmoja wa kausha damu, ule wa riba kubwa, nikanunua vifaranga 300 bila kuwa na banda. Walikufa karibu wote, wamerundikana pembeni mwa chumba kwa baridi. Nilimtukana mwalimu mwenzangu mbele ya wanafunzi. Nilituma ujumbe usiku wa manane kwa watu ambao sikupaswa kuwatumia ujumbe. Nilipotulia, familia ilikaa kikao. Kaka yangu mkubwa akasema, "Tusimlaumu, hakuwa yeye." Mama akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Alikuwa yeye, alikuwa anaumwa. Atalipa polepole, na sisi tutamsaidia."

Nilimchukia mama kwa maneno yale miezi kadhaa. Leo nadhani aliniheshimu kuliko kaka. Kama aliyekopa hakuwa mimi, basi kuna miezi ya maisha yangu ambayo haina mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kusema kesho pia kwamba si mimi ninayesema, ni ugonjwa. Nimeona wenzangu wakitolewa kwenye urithi kwa hoja hiyohiyo, wakinyimwa watoto wao, wakisainiwa karatasi na shemeji. Na ukishasema mabaya ya kipindi kile si yako, utasemaje kuhusu mazuri yake? Utenzi nilioandika usiku ule, ambao bado naona una beti nzuri, ni wa nani? Nimekubali vyote. Beti ni zangu, na deni nimelilipa kwa miaka miwili na nusu. Nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu nikaomba radhi bila kutaja jina la ugonjwa kwanza. Kuomba radhi kulikuja mbele, maelezo yakafuata. Kujikubali kwangu kumejengwa zaidi na kulipa lile deni kuliko na maneno yoyote niliyoambiwa ya kutiwa moyo. Lakini mama alisema pia "alikuwa anaumwa", na neno hilo lisidondoke, kwa sababu mtu anayeumwa halipi kwa kudhalilishwa.

Sonona nayo ina uongo wake juu ya nafsi, na ni mgumu kuugundua. Mania inakuambia makubwa ambayo ukitulia unayaona wazi hayakuwa. Sonona inazungumza taratibu, kwa sauti yako mwenyewe, na inasema: hivi ndivyo ulivyo kweli, kule kwingine kote ulikuwa unaigiza. Inaonekana kama ukweli kwa sababu ina ushahidi. Akili iliyo katika huzuni huchota kumbukumbu za huzuni kwa urahisi kuliko nyingine. Unakumbuka kila aibu tangu darasa la tatu, na hukumbuki hata siku moja uliyochekesha watu. Kwa hiyo hukumu unayoitoa ukiwa chini juu ya wewe ni nani imetolewa na shahidi wa upande mmoja. Mimi nimejiwekea sheria: nikiwa chini siamui chochote kuhusu mimi ni nani. Naahirisha. Nikiwa chini naamua tu kuhusu uji, maji, na kutoka nje kidogo jua likiwa halijawa kali.

Na likija wazo la kutaka kufa, na kwa wenye baipola huja kwa wengi, lichukuliwe kama homa inavyochukuliwa: ni dalili, na dalili hii ni ya haraka. Mwambie mtu mmoja siku hiyo, kwa maneno ya wazi, bila kuzungukazunguka. Mwombe akutunzie dawa zako. Mwombe akusindikize hospitali yoyote iliyo karibu, usisubiri Jumanne. Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na katiba. Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka watu wawili wa benchi letu ambao hawapo tena.

Nyumbani kwetu, kabla ya hospitali, kulikuwa na kombe. Shehe wa mtaa, mzee mwenye huruma, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaosha, nikanywa. Sitalikejeli jambo hilo. Lilikuwa tendo la watu waliokuwa wananipenda na hawakujua la kufanya, na mzee yule hakuniambia niache chochote. Baadaye ndiye aliyemwambia mama, "Mpelekeni hospitali pia, hii na ile hazigombani." Walioniumiza ni wengine, waliosema vidonge vinamkasirisha aliyenipanda, na kwamba nifungwe kamba hadi ashuke. Alama ndogo bado iko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Tofauti ninayoiona haiko kati ya dini na hospitali. Iko kati ya anayesema nawe na anayesema juu yako huku umekaa hapohapo.

Hospitali zenyewe zimekuwa matusi. Bara ukikosea jambo unaambiwa upelekwe Mirembe, hospitali ya Dodoma inayohudumia wagonjwa wa akili tangu 1927. Nairobi wanasema Mathari, iliyofunguliwa 1910. Unguja wanasema Kidongo Chekundu. Tumechukua majina ya mahali pa kutibiwa tukayafanya ya kuchekea, halafu tunashangaa mtu anachelewa kwenda miaka mitano. Ukiacha mzaha huo mmoja tu mbele ya watoto wako, umefanya jambo.

Kuhusu kusema au kutosema, sina sheria ya kumpa mtu. Wapo waliosema hadharani na wakafungua njia. Sitawa Wafula wa Kenya amezungumza waziwazi kuhusu kuishi na kifafa na baipola, na wasichana wengi walisikia kwake mara ya kwanza kwamba jambo hilo linaweza kusemwa kwa uso mkavu. Wapo wanaosema "mimi ni baipola" kwa fahari, na ingawa mimi nimechagua "nina", siwasahihishi. Mtu aliyeitwa kichaa miaka kumi ana haki ya kujichagulia jina. Wapo pia ambao wameambia watu wawili tu duniani, na wanaishi vizuri. Kunyamaza ili ulinde kazi yako si kujikataa.

Ndoa ndiyo huwa mtihani, hasa kwetu ambako kabla ya posa kujibiwa ukoo hupelelezwa. Watu huuliza: atazaa watoto wagonjwa? Jibu la kweli ni kwamba ugonjwa una mizizi katika damu, lakini damu haiamui peke yake. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana baipola, tafiti nyingi huweka uwezekano wake kati ya asilimia 5 na 10, ilhali kwa watu kwa jumla ni kama asilimia 1 au karibu na hapo. Ina maana kwamba walio wengi sana katika watoto hao hawataupata. Hata pacha wa kufanana, wenye urithi mmoja, mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue. Mchumba wangu nilimwambia kabla ya washenga kutumwa. Yeye aliuliza jambo moja: "Nikiona umeanza kupanda, unataka nifanye nini?" Nikajua huyu ameelewa.

Jibu lake tuliliandika kwenye daftari, na nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya. Wakati nimetulia, mimi mwenyewe niliandika dalili zangu za mwanzo: nalala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo, nanunua vitu kwa jozi, naanza kuwapigia watu wa zamani. Nikaandika nani aniambie, kwa maneno gani, nani achukue kadi ya benki na kwa siku ngapi, hospitali gani nikubali kwenda na ipi hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu ana haki ya kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria, na kusaidiwa kuamua pale anapohitaji msaada. Daftari letu ni hilo, kwa kiwango cha nyumba moja. Mimi wa leo ninaagiza kwa ajili ya mimi wa siku ile. Kumbe tunaweza kuzungumza, yeye na mimi.

Usingizi umo ukurasa wa kwanza. Kwa mwenye baipola kukosa usingizi hufuatana na mania, na pia huweza kuiita. Sasa fikiria maisha yetu: tunakesha msibani, tunakesha kwenye harusi, tunaamka daku. Ramadhani zungumza na daktari mapema, kwa sababu ya usingizi na kwa sababu ya maji kama unatumia lithiamu. Mimi kwenye misiba huenda mchana, napika, naosha vyombo kuliko wote, na jioni naondoka. Mwanzoni walinisema kwamba nimeacha utu.

Mwaka jana alikuwa anaolewa binti wa shangazi, Tanga. Saa tatu na nusu usiku, ngoma ndiyo kwanza imekolea, nikachukua mkoba. Shangazi akanishika mkono mlangoni. "Mbona mapema hivi, mwanangu, kuna nini?" Miaka yote nilikuwa nasema kichwa kinauma. Nikamwambia, "Shangazi, nina baipola. Nisipolala naumwa." Akanitazama, muziki unapiga nyuma yake, nisijue atasema nini. Kisha akageuka akamwita mtoto mmoja: "Mfungie dada yako pilau, na yule wa bodaboda mwambie aende polepole."